Chupa Nyeusi Imefika Dutwa Kabla Yangu

Bariadi, Jumamosi, jioni. Wingu tupu.

Wingu limeukalia mji tangu asubuhi kama mgeni aliyekuja kusalimia akasahau kuondoka. Mvua hainyeshi, jua halitoki. Mimi pia sitoki, ila mimi nina sababu: nina chuma pajani.

Kwa wageni wa shajara hii, kama mpo. Mjukuu wangu aliyenifungulia ukurasa huu anasema wasomaji wangu ni yeye, shangazi yake, na mtu mmoja wa ng'ambo ambaye nadhani amepotea njia. Mimi ni Shija, mzee wa Dutwa, darasa la nne. La tano nilikimbilia ng'ombe. Nilivunjika paja kwa kuanguka na baiskeli siku ya mnada. Familia inasema niligonga jiwe. Hakukuwa na jiwe. Nilikuwa nimegeuza shingo kumtazama mama mmoja muuza dagaa, na baiskeli haina adabu, inakwenda mbele hata kama mwenyewe anatazama nyuma.

Tangu hapo niko hapa Bariadi mjini, nyumbani kwa mwanangu Maduhu, katika chumba cha pembeni chenye kitanda, dirisha moja, na kopo ambalo sitaitaja kazi yake. Dirisha lina nondo. Maduhu anasema ni kwa ajili ya wezi. Hajasema wa nje au wa ndani.

Mkwe wangu, mke wa Maduhu, haingii humu. Ndivyo ilivyo kwetu: baba mkwe na mke wa mwanawe wanaheshimiana kwa mbali, na heshima yenyewe ina pazia. Huja na sahani, ndala zake zinasimama mlangoni, anakohoa, anaweka chini, anaondoka. Nimekaa naye miezi, namjua kwa ndala na kikohozi. Anayeingia ni Maduhu peke yake, asubuhi kabla ya kazi na jioni akirudi. Ananigeuza kama chapati, ananiuliza nimelalaje.

Nimelala vizuri mno. Kulala ndiyo kazi niliyopewa.

Nataka kurudi Dutwa. Hilo ndilo jambo lenyewe, mengine yote yanalizunguka hilo. Dutwa nina nyumba yangu ya bati na kiti changu nje. Kuna lambo, ng'ombe wa kijiji kizima wanapita mbele ya mlango wangu kwenda kunywa, na mimi nawatukana mmoja mmoja kwa jina. Mke wangu, mama Maduhu, amelala pale kando ya uzio wa minyaa. Dutwa naweza kwenda chooni bila kuomba kibali kwa mtoto niliyemfuta kamasi. Magongo ninayo, nayatumia kutoka kitandani mpaka dirishani na kurudi, safari yangu ya kimataifa. Lakini Maduhu anasema siwezi kuishi peke yangu. Anasema umri wa mzee ninao, utulivu wa mzee sina.

"Baba, wewe ukipewa kitu ukitunze, utakiharibu kwa mzaha."

Ameniambia hivyo usoni. Nikamjibu kwamba hata yeye nilimtunza, na kweli, ameharibika kidogo.

Mtetezi wangu ni mmoja tu, Kabula.

Kabula ni binti wa Maduhu, ndiye aliyenifungulia ukurasa huu, na kwa utani wa babu na mjukuu ni mke wangu. Mimi namwita mke wangu, yeye ananiita Guku, babu, na akikasirika ananiita mume mzembe. Anasoma chuo kikuu Dar es Salaam, shahada ya pili, na anachosomea ni bakteria wanaokula mwanga. Si mzaha wangu huo. Kazi yenyewe inaitwa usanisinuru, neno linalotaka meno yote, na mimi nimebakiwa na machache ya kuaminika. Kwamba majani yanapika chakula kwa jua, mpaka hapo nilifika shuleni. Lakini kumbe majani ni wanafunzi tu. Kabla ya majani walikuwepo vijidudu hivi, wadogo wasioonekana, na ndio walioanzisha upishi huu wa bila kuni. Kabula anatafuta kujua jambo moja: kijidudu kisicho na jicho, kisicho hata na kichwa cha kuwekea jicho, kinajuaje mwanga uko upande gani?

Kwa hiyo alikuja huku, akaenda Dutwa kwenye lambo letu, akachota tope. Tope la chini kabisa, lisiloonja jua, ambalo ng'ombe wa ukoo mzima wamelichangia. Nilipoliona nikamwambia, "Mke wangu, umesomeshwa Dar es Salaam yote ile ili urudi kuchota mavi?"

"Guku, haya mavi yana vitu vinavyoona."

"Mimi mwenyewe sioni vizuri, sembuse mavi."

Akajaza chupa za kioo, tope chini, maji ya lambo juu, akatia karatasi iliyochanwachanwa, chaki kidogo na kiini cha yai, chakula cha wafungwa. Akazipanga dirishani kwangu kwa kuwa chumba changu ndicho kinachopata jua la asubuhi. Majuma yakapita, chupa zikaanza kuvaa khanga: kijani juu, zambarau chini yake, nyeusi chini kabisa. Wale wa kijani, alisema, wanakula mwanga na kutoa hewa ya kupumua. Wale wa zambarau wanakula mwanga na hawatoi kitu, nikamwambia nina ndugu wa namna hiyo.

Na zikanuka. Yai viza, shajara yangu. Mzee wa kanisa alipokuja kuniombea aliomba macho wazi, anautazama mlango.

Chupa za kawaida ziliachwa zipigwe jua. Moja tu aliivika kitambaa cheusi cha mwavuli wa zamani tangu siku ya kwanza, akakishona kila upande, akaacha tundu dogo la duara linalotazama dirisha. Wenzao waliishi juani, hawa wa chupa nyeusi waliishi gizani na tundu moja. Alitaka kuona kama watalijua tundu lilipo na kulifuata. Hizo nyingine zilikuwa za kulinganishia tu. Chupa nyeusi ndiyo iliyokuwa masomo yake.

Aliponiuliza kama nimeelewa nikasema hapana. Akachukua glasi yangu ya maji akaiweka dirishani.

"Usitazame dirisha, Guku. Tazama upande wa huku."

Jua liliingia, likapita kwenye maji, na mgongoni mwa glasi, upande wangu, pakatokea doa kali, linang'aa kuliko dirisha lenyewe. Nikaweka kidole, nikahisi joto.

"Kijidudu ni kama hii glasi. Mwili wote ndio jicho. Mwanga ukitoka mbele yake, doa linamwangukia mgongoni. Analihisi, analikimbia. Na akilikimbia..."

"Anaelekea dirishani."

"Umefaulu!"

"Kwa hiyo hafuati mwanga kwa mapenzi. Anakimbia kuungua mgongo."

Alicheka mpaka akakaa kitandani. Akasema wataalamu wameliona hilo kwa aina fulani, ila kama hawa wa lambo letu nao wako hivyo, bado hajui, ndiyo maana anachota tope. Kisha akamgeukia baba yake aliyekuwa amesimama mlangoni ameshika pua, akasema maneno yaliyonifunga kamba mimi hapa:

"Baba, naenda Lamadi kuchota tope la ufukweni. Guku atalinda chupa. Nikizikuta salama, mruhusu arudi Dutwa. Anayeweza kutunza hizi atashindwaje kujitunza?"

Maduhu alinitazama kama anavyotazama ng'ombe asiyemjua mwenye kumuuza.

"Haya. Tutaona."

Nikalinda, kwa kweli nililinda. Nilifukuza nzi, nilifukuza paka, nilimfukuza mzee wa kanisa. Asubuhi nilizisalimia chupa "Mwangaluka," nazo zikanyamaza kwa adabu kuliko wajukuu wangu wengine.

Ndipo akaja Masanja.

Masanja ni rafiki yangu wa Dutwa. Tumechunga pamoja, tumechapwa pamoja. Alishuka kwenye basi na kuku kwapani, anampeleka sokoni, akasema apite kwanza anione. Akaingia, akanusa, akasimama.

"Nsumba!" Ananiita hivyo, kijana, tangu tulipokuwa vijana kweli. "Nsumba, nani anakutibu?"

Hebu tazama kwa macho yake. Mgonjwa kitandani. Chupa za rangi zimepangwa dirishani. Moja imevishwa nguo nyeusi na kushonwa. Na harufu ya kumtoa mtu machozi. Mzee yeyote wa Kisukuma akiingia hapo hawezi kuona bakteria. Anaona mganga, tena mganga mkubwa, maana dawa isiyonuka ni ya watoto.

Ningeweza kumweleza. Lakini nilikuwa na majuma sijacheka na mtu wa umri wangu, na mdomo ulikuwa unaniwasha.

"Mjukuu wangu ndiye ananitibu. Kabula."

"Kabula? Huyu wa Maduhu?"

"Amepewa mambo huko pwani. Ukimwona mnyenyekee."

"Na hiyo nyeusi?"

"Hiyo usiitazame sana. Hiyo inafuata jua yenyewe. Mguu ukipakwa, nao unafuata."

Masanja akayatazama magoti yake. Magoti ya Masanja, akiinuka, utadhani mtu anavunja kuni. Nikamwona anavyoyatazama, nikageukia ukuta nicheke, na mgonjwa akicheka sana anachoka, na akichoka analala.

Nilipoamka Masanja hayupo. Chupa nyeusi haipo. Kuku amefungwa kwenye mguu wa kitanda, ananitazama.

Asiye wa kwetu atasema mgonjwa ameletewa zawadi. Hapana. Kuku wa mgonjwa hukabidhiwa mkononi, kwa salamu na pole nyingi. Kuku aliyefungwa kimya kimya ni malipo ya dawa. Sisi wazee dawa kali hatuiombi kwa kelele. Ukiipata husemi asante, na ukishaitumia huitaji. Ukiishukuru inakufa. Ukiitaja inakufa. Masanja alifanya kila kitu kwa utaratibu. Hakuniibia. Alitibiwa.

Nikampigia simu.

"Masanja, ile chupa."

Nikamsikia anasogea mbali na watu.

"Masanja, ile si dawa."

"Nsumba, hayo hayazungumzwi kwenye simu."

"Ni tope la lambo! Lambo hilo hilo unalopita kila siku!"

"Ndivyo mganga anavyosema akitaka kuongezwa kuku."

"Umekunywa?"

"Kunywa? Kwa harufu ile? Mimi mwehu? Nimepaka. Maji nimeyamalizia magotini, tope nimempaka mama watoto mgongoni. Nimekaa juani iingie vizuri. Leo nimekwenda mpaka lambo bila fimbo, nsumba. Sasa tuyaache hapo hapo, usiniharibie."

Akakata.

Basi wafungwa wa chupa nyeusi, walioishi kwa tundu moja, wamefika Dutwa kabla yangu. Wanaota jua juu ya magoti ya Masanja. Mimi askari wao nimebaki na kuku.

Ndala zikaja, zikasimama. Kikohozi. "Baba, kuna kuku anayelia humo?"

"Amekuja kunisalimia."

"Nimtoe?"

"Yeye atakuja huko, mama. Ila asichinjwe. Ni shahidi." Nikamsukuma kwa gongo kupitia chini ya pazia. Mkwe wangu hakuuliza zaidi. Ana heshima yule mwanamke, au amekata tamaa, kupitia pazia huwezi kutofautisha.

Nilikaa nalitazama dirisha lenye pengo kama kinywa changu. Maduhu asingejua, hazihesabu, anashika pua. Kabula angejua kabla hajaweka begi chini.

Nikachukua chupa moja ya zile za kawaida, ile ya kona iliyochelewa kushika rangi, nikaivika soksi yangu nyeusi. Soksi ina tundu ambapo dole gumba lilikuwa linapunga hewa. Nikalielekeza tundu dirishani. Na ile nafasi ya kona nikaitungia paka: paka kavunja moja, ndivyo ningesema. Maskini paka.

Nilifanya hivyo kwa ajili ya macho ya Kabula tu. Sikutegemea kitu kutokea humo ndani. Soksi ni soksi.

Juma lilipokaribia kwisha nikaishusha kidogo, nione kama bado kunanuka. Nikakuta doa la kijani kwenye kioo. Si la duara. Lilikuwa na umbo la dole langu gumba, limekaa pale pale tundu lilipokuwa, na pembeni yake kioo kitupu.

Walikuwa wamekuja.

Nimeshaona ng'ombe akirudi zizini gizani. Lakini ng'ombe ana pua, ana ndama anayemlilia, ana fimbo nyuma yake. Hawa hawana kitu, na hakuna aliyewaita. Wametembea gizani ndani ya soksi ya mzee mpaka kwenye tundu la dole gumba, wakasongamana hapo kama watu kwenye mlango wa benki. Nilitaka kumwonyesha mtu. Mkwe haingii. Maduhu angeuliza kwa nini soksi. Nikawaonyesha nondo.

Leo mchana Kabula amerudi.

Nilisikia begi likianguka sebuleni, kisha akaingia mbio bila kubisha. "Mume mzembe! Uko hai?"

"Niko hai, nimechoka kukungoja. Umeniletea sato au tope?"

"Tope." Macho yake yalikuwa yameshafika dirishani. "Guku. Kitambaa changu kiko wapi?"

"Kiliingia uvundo, nikakivua. Nikaiheshimu kwa soksi. Upande ule ule, sikuugeuza."

"Soksi yako? Ya miguu hii?" Akaziba pua kwa mzaha. "Maskini bakteria. Na ile ya kona?"

"Paka."

"Ya kawaida haina neno."

Akaishusha soksi. Nilidhani atapiga kelele. Hakupiga. Alipiga magoti mbele ya dirisha, akaweka kiganja mdomoni. Aliponigeukia macho yalikuwa yamelowa.

"Wamekuja, Guku. Hawa hawajawahi kulala juani hata siku moja, na tazama, wameijua njia."

Nikatazama. Mimi najua hao wamelala juani tangu siku ya kwanza. Wameshiba jua mpaka kuvimbiwa. Wenye giza lao wako kwa Masanja.

Akapiga picha kila upande. Akampigia mwalimu wake, nikamsikia kupitia ukutani, sauti imepanda: "Ndiyo, tangu mwanzo gizani. Hapana, sikuifungua. Babu yangu ndiye aliyelinda." Babu yangu, alisema, kama mtu anayetaja chombo cha maabara cha bei kubwa.

Baada ya chakula Maduhu akaingia na kiti. Akiingia na kiti ujue ni kikao. Kabula akasimama nyuma yake, mkwe akakaa upande wa pili wa pazia.

"Baba," Maduhu akasema, "nilikudhania vibaya. Nilisema hutunzi kitu. Huyu mtoto amenionyesha. Jumatatu nakupeleka Dutwa mwenyewe, na Masanja atakuwa anakupitia."

Akanipa mkono. Mwanangu, ambaye tangu nianguke amenishika kunigeuza tu, leo amenishika kunipa mkono. Kutoka nyuma ya pazia mkwe akasema, "Tutakukumbuka, Baba," na sauti yake haikuwa ya kukohoa.

Kwa hiyo nimeshinda.

Nimekaa nalo hilo jioni nzima, na sielewi kwa nini halina utamu. Nimejaribu kufikiria kiti changu, lambo, ng'ombe wa kutukana. Nimejaribu minyaa na mama Maduhu. Yote yanakuja, yanasimama mlangoni kama mkwe, hayaingii.

Na hakuna atakayejua. Hilo nimelipima kila upande, mimi mwizi wa zamani wa miwa. Masanja hatataja, maana akitaja magoti yanakufa. Paka hasemi. Kuku hasemi. Soksi ni yangu.

Lakini Kabula yuko sebuleni anafunga boksi. Basi lake ni alfajiri. Ameizungushia chupa ile sweta lake mwenyewe ili isigongwe njiani. Atasimama mbele ya wenye miwani atasema hawa waliishi gizani tangu mwanzo, naye ataamini. Ataandika. Siku moja mtu mwingine, wa ng'ambo huko aliyepotea njia, atachota tope lake, atashona kitambaa chake kweli, na aone kitu tofauti. Atasema yule binti wa Bariadi alidanganya. Hatasema yule mzee wa Dutwa. Jina langu halitakuwepo. Litakuwepo la Kabula.

Nikisema, Maduhu atakaa kwenye kile kiti tena. "Si nilisema?" Na atakuwa sahihi, jambo ambalo sijawahi kumsamehe mtu. Nondo zitabaki. Dutwa nitapelekwa siku ya kwenda kulala kando ya minyaa, na siku hiyo sitahitaji magongo.

Nimewaza pia ujanja. Ningebonyeza tu hiki kitufe cha kuchapisha, naye angesoma akiwa ndani ya basi, Shinyanga huko, mimi niko mbali na machozi yake. Huo ni ujanja wa fisi, anakula usiku na asubuhi anakuja kulia na wenye msiba.

Nimeitazama glasi yangu ya maji pale dirishani. Kwa wingu hili haina doa lolote. Ni maji tu. Lakini mimi mgongo unawaka tangu mchana, tangu aliposema wameijua njia, na kila nikigeuka kitandani moto nao unageuka, uko nyuma yangu tu.

Msiniandikie kwamba nimekuwa mwema. Mnanijua. Kile kijidudu hakiendi kwenye mwanga kwa wema wake. Kinaungua, kinasogea upande usioungua. Nami nimetafuta humu ndani upande usioungua, chumba si kikubwa, ni ule wa mlango.

Lambo lipo. Tope lake halijaisha, ng'ombe bado wanachangia. Mkwe alinitangazia asubuhi kupitia pazia kwamba kuku wa Masanja ametaga, basi na kiini kipo. Kitambaa cha mwavuli kitapatikana. Chupa mpya itachukua majuma, itataka dirisha lenye jua la asubuhi, na dirisha hilo haliko Dutwa. Liko hapa, lina nondo. Na safari hii mlinzi atakuwa amefungwa mdomo, akishona Kabula kwa uzi ule ule.

Jumatatu ilikuwa yangu. Imekaa mkononi mwangu tangu mchana, nimeishika vya kutosha.

Nimeita. "Mke wangu! Acha kufunga hilo boksi, njoo."

Ndala zinakuja. Si za mkwe. Hizi hazisimami mlangoni.